Ukienda Lisbon, weka tarehe moja kichwani

Mtu akiniambia amepata viza ya Schengen na atapitia Lisbon, swali lake huwa lilelile: nione nini? Anatarajia nimpe orodha ya majengo. Mimi humpa kwanza tarehe: 1 Novemba 1755, siku tetemeko la ardhi lilipoupiga mji. Nimeishi Lisbon nikiwa mwanafunzi, baadaye nimerudi kuwatembeza ndugu na marafiki, na sijaona njia bora ya kuuelewa mji huo kuliko kusimama mbele ya kila jengo na kuuliza: hili lilikuwepo kabla ya asubuhi ile, au lilikuja baadaye? Swali hilo moja linaupanga mji mzima. Linakueleza kwa nini mtaa huu umenyooka na ule wa jirani unajikunja, kwa nini kanisa hili halina paa, na kwa nini wenyeji bado wanataja ikulu ambayo haipo.

Asubuhi ile ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Makanisa yalijaa waumini na mishumaa iliwaka kila altare. Kwenye saa tatu na dakika arobaini hivi ardhi ikatikisika. Walionusurika na kuta wakakimbilia ukingo wa mto Tejo, mahali pa wazi, na huko ndiko mawimbi ya tsunami yalikowakuta muda mfupi baadaye. Mishumaa ile na meko ya majumbani vikawasha moto uliounguza mji kwa siku kadhaa. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Ikulu ya Ribeira iliyokuwa kando ya mto iliteketea pamoja na maktaba yake ya vitabu takriban 70,000, na jumba la opera lililokuwa limefunguliwa mwaka huohuo likaenda nalo. Mfalme José I alipona kwa kuwa siku hiyo hakuwa katikati ya mji. Tangu hapo hakutaka tena kulala chini ya dari ya mawe, akajengewa makazi ya mbao kwenye kilima cha Ajuda.

Anzia palepale palipoanguka zaidi, Baixa, bondeni. Simama katikati ya uwanja wa Praça do Comércio ukiwa umeupa mto mgongo. Wenyeji wengi bado wanauita Terreiro do Paço, yaani uwanja wa ikulu. Majengo ya njano unayoyaona pande tatu, yenye matao chini, ni ya baada ya tetemeko. Sanamu ya José I juu ya farasi ni kazi ya Machado de Castro, ilisimamishwa mwaka 1775. Tao kubwa unalopita kuingia Rua Augusta lilichelewa sana; lilikamilika karne iliyofuata, mwaka 1873.

Mtu aliyesimamia ujenzi alikuwa waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal. Wahandisi wake, Manuel da Maia, Eugénio dos Santos na Carlos Mardel, walifuta vichochoro vya zamani na kuchora mitaa iliyonyooka, yenye nyumba za kimo kimoja na madirisha yanayolingana. Kila mtaa ukapangiwa kazi yake: masonara wa dhahabu Rua do Ouro, wa fedha Rua da Prata, washona viatu Rua dos Sapateiros, wauza vitambaa Rua dos Fanqueiros. Watalii wengi hupita hapo haraka wakiona nyumba ni za kawaida mno. Lakini ajabu yake iko ndani ya ukuta. Mafundi walisimamisha kwanza kiunzi cha mbao, za wima, za mlalo na za mshazari zinazopishana, kisha wakajaza mawe na chokaa katikati, ili ardhi ikitikisika tena mbao zicheze na nyumba isimame. Aliyewahi kuona nyumba ya fito na udongo ikijengwa kijijini ataielewa kanuni hiyo bila kuelezwa. Inasimuliwa kwamba walitengeneza mfano na kuwatembeza wanajeshi kwa kishindo kuuzunguka, wapime kama utahimili. Kiunzi hicho Wareno wanakiita gaiola. Katika baadhi ya maduka na migahawa ya Baixa iliyokarabatiwa wameacha kipande cha ukuta wazi ili mbao zionekane, kwa hiyo ukiingia kununua maji tupia macho ukutani.

Waziri huyo alifanya na jambo jingine ambalo mimi nalithamini kuliko sanamu zote. Alituma maswali kwa maparoko wa nchi nzima: tetemeko lilidumu muda gani, bahari ilipanda au ilishuka kwanza, nyumba ngapi zimeanguka, chemchemi zimebadilikaje. Majibu yamehifadhiwa hadi leo, na wanasayansi wa matetemeko bado wanayasoma. Serikali kuwauliza watu wake walichokiona, ikaandika na kutunza, ni ujenzi pia.

Ukiwa Baixa tafuta Rua dos Correeiros. Chini ya jengo la benki kuna mabaki ya kale yaliyofukuliwa, unayotembezwa na kiongozi, na nilipokwenda hapakuwa na kiingilio. Unashuka ngazi na kukuta matangi ambamo Warumi waliwekea samaki na chumvi. Hatua chache mbele kuna vigingi vya misonobari ambavyo mafundi wa karne ya 18 walivipigilia kwenye tope ili vibebe nyumba za juu. Mbao hizo hudumu mradi zikae ndani ya maji. Zikikauka, huoza. Kwa hiyo mji wa Pombal bado unategemea unyevu wa bondeni, na huko chini hewa yenyewe ni ya unyevu.

Kabla hujaondoka Baixa, tazama unachokanyaga. Barabara za miguu za Lisbon zimetandikwa mawe madogo ya chokaa nyeupe na basalti nyeusi, kwa mapambo ya maua, merikebu na mawimbi. Uwanja wa Rossio ulipata mawimbi yake katikati ya karne ya 19. Ukibahatika kumkuta fundi kazini, simama. Anaketi kwenye kigoda kifupi, jiwe kiganjani, nyundo mkono wa pili. Analigonga mara moja, linapasuka pale alipokusudia. Analigeuza, analijaribu mchangani, halikai. Anamega kona kidogo tu, analirudisha, sasa limeshikana na wenzake, analigonga juu likae sawa na kuokota jingine bila kuinua macho. Sijui kazi ya mtaani inayonituliza kuitazama kama hiyo. Mawe hayo huteleza vibaya mvua ikinyesha, na mji wote ni vilima, basi vaa viatu vya soli ya mpira na visigino virefu viache hotelini.

Kutoka Rossio panda hadi Carmo. Lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, inapofanya kazi huwa na foleni ndefu takriban muda wote. Sioni haja ya kupoteza saa nzima pale, kwa sababu ukipanda kwa miguu kupitia Chiado unafika kwenye uwanja wa Largo do Carmo, usawa wa juu wa lifti hiyohiyo. Hapo kuna kanisa la watawa lililoanzishwa na Nuno Álvares Pereira mwaka 1389. Paa lilianguka siku ya tetemeko na halikurudishwa. Matao yamebaki peke yake, yamekatiza mbingu, na nyasi zimeota mahali pa viti. Usikimbilie vitu vilivyo ndani ya kabati za makumbusho mwishoni mwa kanisa. Kaa kwanza hapo uwanjani, utazame juu. Lisbon nzima haina mahali pengine panapokuonyesha asubuhi ile waziwazi hivi.

Na uwanja wa mbele ya kanisa una historia nyingine, hii inatuhusu zaidi. Tarehe 25 Aprili 1974, waziri mkuu Marcelo Caetano alijificha katika kambi ya askari iliyo ubavuni mwa magofu hayo. Kapteni Salgueiro Maia akaizingira kwa magari ya kivita, umati ukajaa uwanjani hadi juu ya miti, na jioni utawala wa kidikteta ulioanza miaka ya 1920 ukaisha. Wengi wa maofisa walioupindua walikuwa wamechoshwa na vita vya Afrika. FRELIMO iliyokuwa ikipigana nao Msumbiji iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na mwenyekiti wake Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu hukohuko Dar mwaka 1969. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Ukisimama Largo do Carmo, kwenye kivuli cha ile miti, kumbuka kwamba Nachingwea, kulikokuwa na kambi ya mafunzo ya FRELIMO, na Dar es Salaam zina sehemu yao katika ukombozi wa Wareno wenyewe. Wareno wa umri mkubwa nimewasikia wakilisema hilo bila kusukumwa.

Upande wa pili wa bonde ni Alfama, na hapa tarehe yetu inafanya kazi kinyume. Mtaa huu uko juu ya mwamba wa kilima cha ngome, na ingawa nyumba nyingi ziliumia, mpangilio wa vichochoro vyake ulibaki. Kwa hiyo unachotembea ndani yake ni mji wa kabla ya 1755, na mizizi yake ni ya mji wa Waislamu waliotawala hapa hadi mwaka 1147, Afonso Henriques alipouteka kwa msaada wa wapiganaji wa Msalaba. Kanisa kuu, Sé, lilianza kujengwa baada ya ushindi huo mahali palipokuwa na msikiti, na katika ua wake wa nyuma wamefukua kuta za wakati huo.

Usitafute njia kwenye simu ukiwa Alfama. Panda ukitaka mandhari, shuka ukitaka mto, utatokea tu. Nenda mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, wakati akina mama wanaanika nguo madirishani, lori dogo la gesi linagombana na kona, na mzee anafungua duka lake lenye viazi, sabuni na mvinyo. Salimu. "Bom dia" ya sauti inayosikika hufungua mengi. Anayepita kimya na kamera mbele ya uso wa mtu hachukuliwi vizuri, na mimi ningeona vivyo hivyo kama ingekuwa mlangoni kwetu. Nyumba nyingi za Alfama sasa zimegeuzwa vyumba vya wageni vya kukodi kwa siku, kodi zimepanda, na waliozaliwa pale wamehamia pembeni mwa mji. Nikipata mgeni anayeniuliza alale wapi, namwambia alale Campo de Ourique, Arroios au Alvalade, mitaa ya watu, aende Alfama kutembea. Mwezi wa Juni mambo ni tofauti: usiku wa tarehe 12 kuamkia 13, sikukuu ya Mtakatifu Antonio aliyezaliwa Lisbon, Alfama yote huchoma sardini nje ya milango, na hapo mgeni anakaribishwa kama jirani.

Mtaa unaofuata, Mouraria, ndiko Waislamu walikotengwa baada ya kushindwa. Mwaka 1496 mfalme Manuel I alitoa amri ya kuwafukuza Waislamu na Wayahudi nchini. Lishike jina la mfalme huyo, tutamkuta tena. Leo Mouraria na uwanja wa Martim Moniz vimejaa maduka ya Wabangladeshi, Wahindi, Wanepali, Wachina na Waafrika. Rua do Benformoso utapata nyama halali na chai ya maziwa yenye iliki. Kwa Waislamu wanaosafiri, msikiti mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na kituo cha metro cha Praça de Espanha. Na mitaa ya Laranjeiras kuna kituo cha Waismailia kilichochorwa na msanifu Raj Rewal na kufunguliwa mwaka 1998. Watu wengi wa jamii hiyo walifika Lisbon wakitokea Msumbiji, na Aga Khan wa nne, ambaye hospitali na shule zake tunazijua Nairobi na Dar, alifariki Lisbon tarehe 4 Februari 2025.

Tramu namba 28 kila mtu anaitaka. Ipande asubuhi sana ukianzia Campo de Ourique, maana foleni ya Martim Moniz hukatisha tamaa, na begi liwe kifuani kwa sababu wezi wa mifukoni wanaipenda njia hiyo. Nunua kadi ya Navegante kwenye kituo chochote cha metro uijaze pesa. Nauli ya kulipa kwa dereva ni ghali zaidi. Zile tramu za kupanda kilima kwa kamba ya chuma, uliza kwanza kama zinafanya kazi. Ile ya Glória, iliyoanza mwaka 1885, ilipata ajali tarehe 3 Septemba 2025 na kuua watu 16.

Kula kwenye tasca, vimgahawa vidogo ambako chakula cha siku kimeandikwa kwa chaki au kwenye karatasi ya mezani iliyobandikwa kiooni. Mkate, zeituni na jibini vitaletwa kabla hujaagiza. Si zawadi: ukivigusa vinaingia kwenye hesabu, usipovitaka waombe waviondoe, hakuna atakayenuna. Samaki wa kuchoma huwezi kukosea. Asiyekula nguruwe ajifunze maneno porco, presunto na chouriço, kwa sababu vipande vyake huingia hata kwenye supu ya mboga.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa msomaji wa Kiswahili, kwa maoni yangu, linatosha peke yake kuwa sababu ya safari.

Katika Rua das Janelas Verdes kuna Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale. Uliza Custódia de Belém. Ni chombo cha kanisa, kile ambacho Wakatoliki wanakiita monstransi, cha kuonyeshea Ekaristi: dhahabu tupu iliyopakwa rangi za vioo vilivyoyeyushwa, kimo chake sentimita 73. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti, kila mmoja na uso wake, nguo zao za rangi, wameizunguka sehemu ya hostia, mkate wa Ekaristi. Juu yao nguzo nyembamba zimepanda kama minara ya kanisa, na juu kabisa ni Mungu Baba. Aliyekitengeneza ni sonara Gil Vicente, ambaye wengi wanaamini ndiye yuleyule mwandishi mkubwa wa tamthilia za Wareno. Ni kazi ya mikono ambayo sijaona mfano wake.

Sasa chuchumaa. Ukingo wa kitako una maandishi yanayozunguka, huwezi kuyasoma yote ukiwa umesimama upande mmoja. Inabidi ulizunguke kabati taratibu ukiunganisha herufi. Yanasema kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Quíloa ni Kilwa.

Mimi ni mtu wa mkoa wa Lindi. Kilwa Kisiwani nilipelekwa na walimu wangu nikiwa shule ya msingi, tukavuka kwa mashua, tukaonyeshwa Msikiti Mkuu na magofu ya Husuni Kubwa. Tuliambiwa kwamba Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 na kuusifu mji, kwamba dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji, ilipitia mikononi mwa masultani wake. Swali letu la watoto lilikuwa: dhahabu yenyewe iko wapi? Walimu hawakuwa na cha kutuonyesha. Sehemu yake iko Janelas Verdes, ndani ya kioo, ina anwani ya ilikotoka imeandikwa juu yake na mchukuaji mwenyewe.

Namna ilivyochukuliwa inajulikana. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamtishia mtawala wake, Amir Ibrahim, mpaka akakubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya mithqali 1,500 za dhahabu. Alirudi nayo Lisbon mwaka 1503. Kulipa hakukuiokoa Kilwa. Mwaka 1505 kundi la merikebu la Francisco de Almeida liliiteka na kuipora, kisha likaenda kuichoma Mombasa. Mwaka uliofuata Gil Vicente alimaliza kazi yake, na katika wasia wake wa mwaka 1517 Manuel akakiacha chombo hicho kwa monasteri ya Jerónimos.

Watu wameniuliza kama haifai kususia. Mimi nasema nenda, na uwapeleke watoto. Kaa nacho muda mrefu kuliko wanaopita na kupiga picha. Uzuri wake ni wa kweli na unyang'anyi wake ni wa kweli, vyote vimo katika dhahabu ileile, na ni sisi tunaojua Kilwa iko wapi tunaoweza kuona vyote viwili kwa mara moja. Nimewahi kumweleza mlinzi wa chumba kile kwamba nimetoka mkoa ambamo Kilwa imo. Aliinama naye akasoma ukingo pamoja nami, kidole chake kikifuata herufi juu ya kioo.

Ukishaiona Custódia ndipo uende Belém, si kabla. Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa fedha za ushuru wa asilimia tano kwenye biashara ya Afrika na Mashariki, na tetemeko halikuiangusha. Kwa hiyo ni jengo la kabla, tena la kilele cha utajiri ule. Nguzo za kanisa zinapanda na kutawanyika darini, ua wake wa ndani umechongwa kamba, matawi, viumbe vya bahari na tufe la pete lililokuwa nembo ya Manuel. Hakuna jiwe lililoachwa bure. Kaburi la Vasco da Gama liko mlangoni, mkono wa kushoto. Mgeni aliyetoka Malindi au Mombasa nisingemwambia asimame pale na hisia gani, kila mtu ana zake. Mnara wa Belém, wa mwaka 1514 hadi 1519, uko umbali wa kutembea ukingoni mwa mto. Hakikisha kwanza kama uko wazi, maana umekuwa kwenye ukarabati. Mnara wa wavumbuzi ulio katikati ni wa mwaka 1960, enzi ya dikteta Salazar, na ramani ya dunia ya mawe iliyotandikwa mbele yake ni zawadi ya serikali ya Afrika Kusini ya wakati huo wa ubaguzi. Sina mengi ya kusema juu yake. Vikeki vya pastéis de Belém, vinavyouzwa jirani tangu 1837, uvile vikiwa moto, na mdalasini juu.

Kutoka makumbusho ya Janelas Verdes kurudi katikati ya mji, tembea kupitia Rua do Poço dos Negros. Mwaka 1515 Manuel huyohuyo aliagiza lichimbwe shimo la kutupia miili ya watumwa Waafrika waliokufa, kwa sababu ilikuwa ikiachwa nje na kuliwa na mbwa. Leo ni mtaa wa mikahawa mizuri. Jina la mtaa limeandikwa kwenye kigae ukutani na mamia wanapita chini yake kila saa.

Kisha malizia jioni kwenye uwanja wa Largo de São Domingos, nyuma ya Rossio. Katika kanisa la hapo, Aprili 1506, ndiko yalikoanzia mauaji ya Wayahudi waliokuwa wamebatizwa kwa lazima. Kuna jiwe la kumbukumbu lenye nyota. Ndani ya kanisa kuta bado zina makovu ya moto wa mwaka 1959, hawakuyapaka rangi. Na nje, uwanja huu ni wa Waafrika: watu wa Guinea-Bissau, Senegali na kwingineko wanauza kokwa za kola na vitambaa, wanapeana habari za kazi na za nyumbani. Ukipita ukakaa, utaulizwa umetoka wapi. Jibu lako litaanzisha mazungumzo.

Upangaji wa siku ni rahisi ukijua kwamba makumbusho mengi ya taifa hufungwa Jumatatu. Siku hiyo iwe ya Baixa, Alfama na Mouraria kwa miguu. Jumanne au Jumamosi nenda mnada wa vitu vya zamani, Feira da Ladra, kwenye Campo de Santa Clara, uingie na Panteão jirani yake, kanisa lililogeuzwa mahali pa kuwazika watu mashuhuri wa taifa. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1682 likakamilika mwaka 1966, mwaka uleule Eusébio, mtoto wa Mafalala huko Maputo, alipofunga mabao tisa kwenye Kombe la Dunia. Amezikwa humo tangu 2015. Vasco da Gama pia ana kaburi la heshima ndani ya jengo hilo, ila la Vasco ni tupu. Siku ya makumbusho ya Janelas Verdes iwe ya katikati ya wiki, asubuhi, mlango ukifunguliwa tu, na Belém siku inayofuata. Ukibakiwa na nusu siku, panda Campolide uone mfereji wa maji wa Águas Livres unaovuka bonde la Alcântara juu ya matao 35, refu kuliko yote likiwa na mita 65. Maji yalianza kupita mwaka 1748. Miaka saba baadaye mji ukaanguka, na matao hayo yakabaki yamesimama.